Kompyuta Mbili za Mama Kulwa

Haya, sogeeni. Anayechambua mchele aendelee kuchambua, anayesuka nywele asuke, mikono yenu siihitaji. Nataka masikio, na mwishoni nitataka hukumu. Nawaambia mapema ili asije mtu akaniambia alikuwa amesinzia. Hadithi hii nimeisimulia pengi, na kila mahali watu wamegombana. Mahali pamoja bwana na bibi walirudi nyumbani kwa njia mbili tofauti. Kama umekuja kustarehe tu, nakuonya, bado una muda wa kuondoka.

Palikuwa na mji mdogo huko Usukumani, mji ulioishi kwa pamba. Kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa, zikabaki kota za wafanyakazi, mistari ya nyumba za matofali, na watu ndani yake wasiojua waende wapi. Katika mstari wa mwisho aliishi Mama Kulwa, mjane wa fundi mitambo aliyeitwa Mihayo, pamoja na watoto wake watatu, wote watu wazima sasa. Wawili walikuwa mapacha: Kulwa, binti, aliyetangulia kutoka, na Doto, kijana wa kiume, aliyemfuata muda huohuo. Wa tatu alikuwa binti pia, jina lake Shija. Huko kwao anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, apende asipende.

Kila mmoja alikuwa na chake.

Kulwa alijaliwa kuona ndani ya vitu. Ukimwekea redio mbele yake hasikilizi wimbo, anauliza nyuma kuna nini. Alikuwa akikaa kwenye meza ya fundi simu mmoja pale sokoni, na simu ambazo fundi alizikatia tamaa zilikuwa zinaamkia mikononi mwa Kulwa. Kompyuta alizijua hivyohivyo, tumbo lake kwanza, sura baadaye.

Doto alijaliwa vidole. Kwenye vibanda vya gemu, gemu la mbio za magari, hakuna aliyewahi kuona mgongo wa gari lake akamfikia tena. Vijana walikuwa wanalipia wacheze wao, halafu wanampa Doto zamu yao ili wamtazame.

Shija alijaliwa mapatano. Shija angeweza kukuuzia shati ulilovaa, ukaondoka unamshukuru. Alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake aliipata kwa jasho lake, nguo baada ya nguo, bila kumwomba mtu. Iliwekwa barazani, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuweka kikombe juu yake.

Na mama? Mama alikuwa na hofu moja, na hofu hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Mapacha walipokuwa wanatambaa, jirani alimletea Doto kofia ya sufu, Kulwa hakuletewa kitu. Juma lilelile Kulwa alishikwa na degedege, macho yakageuka, wakamkimbiza zahanati wakiwa wamekwisha anza kulia njiani. Alipona. Lakini tangu hapo Mama Kulwa hakumpa pacha mmoja kitu bila mwenzake kupata kilekile. Viatu jozi mbili, vikombe viwili, hata kofi: akimchapa Doto kwa kosa la Doto, na Kulwa anapata lake. Shija yeye alirithi vya wote wawili, magauni ya Kulwa na kaptura za Doto, na sijasikia popote kwamba aliulizwa anapenda nini.

Basi, habari ikaja kwamba ardhi ya kiwanda imeuzwa na kota zitabomolewa. Kila nyumba itafute pa kwenda. Wenye ndugu walikwenda kwa ndugu. Mama Kulwa hakuwa na ndugu wa kumpokea na kundi lake. Wakati huohuo ndipo kiinua mgongo cha marehemu Mihayo kilipotoka, alichokidai akiwa hai mpaka akafa anakidai. Pesa yenyewe haikutosha kiwanja. Ingetosha kula kwa miezi michache, halafu njaa ingewakuta palepale, tena bila nyumba.

Ndipo Kulwa akaleta habari nyingine. Kampuni moja ya magemu huko Dar es Salaam ilikuwa imetangaza shindano la mbio za magari kwa timu za watu wasiozidi watatu. Sharti ni kwamba muwe na kompyuta yenu wenyewe, mcheze nyumbani kwenu huku kamera ya simu ikiwaonyesha. Timu itakayoshinda itatoa mtu mmoja. Huyo mmoja atafundishwa kazi, awe mchezaji, awe fundi au awe wa mauzo, na atapata mshahara wa kila mwezi na kitanda kwenye bweni la wafanyakazi.

"Mmoja?" mama akauliza.

"Mmoja, mama. Akishakwenda mmoja tutakuwa na pa kushikia."

"Na tukishindwa?"

Mama alimtazama Kulwa, akatazama ufa wa ukutani, akasema, "Haya."

Sasa sikilizeni vizuri. Pesa ile ilitosha kompyuta moja ya gemu ya kiasi, na Kulwa alijua ni ipi. Kwa kuwa kiinua mgongo kilikuwa kinachukuliwa Mwanza na mjane mwenyewe, na nauli ilikuwa ya mtu mmoja, Kulwa alimkalisha mama akamfundisha kama sala. Mtumba wa ofisini, kasha baya si neno. Usitazame taa za rangi, taa haziendeshi gari. Pesa itakayobaki nunua kadi ya picha, ile yenye feni mbili, maana hiyo ndiyo inayochora gari likikimbia. Mama akaimba, "Moja, ya mtumba, ya ofisi, na kadi ya feni mbili." Aliimba akifua, akaimba akipika, mpaka Shija akashika mdomo asicheke.

Mama alikwenda. Akarudi na maboksi mawili.

Aliyafungua mwenyewe kwa furaha. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili mpya zinazofanana, zote zinawaka taa nyekundu, kijani na zambarau. Aliiweka moja mbele ya Kulwa, nyingine mbele ya Doto, akakaa kusubiri washangilie.

"Mama," Kulwa akasema polepole, "tulisema moja."

"Nilisimama pale dukani, mwanangu. Yule kijana akaniwekea ile moja ya mtumba juu ya meza. Nikaitazama. Nikaona imekaa peke yake." Akaligusa boksi la pili. "Sikuweza. Miguu ilikataa. Nikamwambia anitafutie mbili za pesa hiyohiyo."

Waliwasha. Doto akaingiza gemu. Gari likatokea, likasogea, likaganda. Likasogea kidogo, likaganda tena, barabara ikawa vipande vipande. Wakajaribu ya pili, ikawa hivyohivyo. Taa zilikuwa zinabadilika rangi kwa uzuri wote ule na gari limesimama. Walipiga simu dukani, wakaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Pale mjini hakuna aliyekuwa na pesa ya kununua hata sufuria.

Mama Kulwa alitoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Hakulia. Alikuwa anasema tu, "Nimekula jasho la marehemu. Nimekula jasho la Mihayo." Shija alimfuata na kumfunika kanga. Mbali kidogo, kwenye mstari wa kwanza wa kota, tingatinga lilikuwa limeanza kazi.

Sasa nawaambia kila mmoja alifanya nini. Msinikatize.

Kulwa alizifungua kompyuta zote mbili akazitazama tumbo. Akasema kompyuta nyonge mbili zinaweza kutoa moja yenye nguvu kidogo, ila moja ife kabisa, ing'olewe memori, diski, feni, kila kitu. Mama akaruka. "Usimchinje mmoja!" alisema hivyo, mmoja, kama anazungumzia mtu. Doto akainamisha kichwa, hakusema chukua yangu. Kulwa akachukua bisibisi akaifungua ya kwake mwenyewe. Na mjue jambo hili: Kulwa naye alikuwa dereva mzuri wa gemu, wa pili pale mjini, na kwa kuing'oa ile mashine alikuwa anajing'oa kwenye usukani. Alifanya kazi mpaka vidole vikachanika. Lile kasha tupu mama alilichukua, akalipangusa, akaliweka mezani pembeni ya lile lililojaa. Alisema akiiona moja peke yake hapati usingizi.

Bado kadi ya picha. Bila kadi, kazi yote ya Kulwa ilikuwa bure.

Shija alivaa viatu akatoka. Pale mjini kulikuwa na mpiga video za harusi, Lugembe, aliyekuwa na kadi kwenye kompyuta yake ya kuunganishia video. Tangu kiwanda kifungwe watu hawakuwa wanaoana kwa video. Lugembe alikuwa anahama, na mkewe alikuwa hana kazi. Shija aliongea naye asubuhi, akaongea naye mchana, akamsifia harusi alizopiga miaka ile, akamkumbusha na ile mvua iliyoharibu keki. Lakini Lugembe hakutaka sifa. Alitaka cherehani.

"Feni moja ya hii kadi imekufa, nakwambia ukweli," Lugembe alisema.

"Nimeiona, baba. Nipe hivyohivyo."

"Na mke wangu hajui kushona."

"Nitamfundisha."

Shija akaibeba cherehani yake kichwani mpaka kwa Lugembe, akamfundisha mkewe kutunga uzi na kukata kola, kwa sauti ya upole, kwenye mashine iliyokuwa yake. Alirudi na kadi ameifunga kwenye kanga. Alipopita barazani hakutazama pale mahali.

Kadi ilikuwa ndefu, kasha fupi. Kulwa alichukua msumeno wa chuma akakata kasha, taa zote za rangi zikafa papo hapo, na hakuna aliyezililia. Gemu likawashwa. Gari likakimbia! Doto akapiga kelele, mama akapiga magoti, Shija akalia kwa mara ya kwanza. Lakini kwa joto la kule, na feni moja imekufa, baada ya muda mfupi mashine ilichemka ikajizima. Wakaona wamerudi walikotoka. Ndipo Shija akaenda jikoni akachukua ungo.

Msicheke. Mtu akipepea mashine kwa ungo ili apate pa kulala, si jambo la kucheka. Haya, cheka kidogo, hata mimi hucheka, halafu nyamaza.

Doto akacheza. Akapita duru ya kwanza, akapita ya pili, watu wa kota wakawa wanajazana dirishani. Siku ya fainali aliamka na malaria. Meno yalikuwa yanagongana. Mama alimwambia aache, Doto akasema, "Mama, nikiacha tunakwenda wapi?" Wakamwekea ndoo pembeni. Alicheza akitapika, anafuta mdomo kwa bega kwa sababu mikono haiwezi kuacha mchezo. Barabara ilikuwa inamwonekea mbili, alisema baadaye, akawa anachagua moja na kuifuata. Kulwa alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ameshika waya wa umeme uliolegea, haruhusiwi kupumua vibaya. Shija alikuwa anapepea, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mpaka mabega yakafa ganzi. Gari la Doto lilipita mstari mbele ya magari yote. Doto hakuona. Alikuwa ameanguka chini, na mashine ikazima juu yake.

Walishinda. Furaha yao nitaipita haraka maana haikudumu.

Ujumbe ulikuja kwenye simu ya mama, kwa sababu namba ya timu ilikuwa yake. Hongereni. Tuma jina la mtu mmoja kabla ya adhuhuri kesho. Jina lisipofika, nafasi inakwenda kwa timu iliyofuata.

Asubuhi yake tingatinga lilikuwa limemaliza mistari yote isipokuwa wa kwao, ule wa mwisho. Vumbi la matofali lilikuwa linaingia mpaka kwenye chai. Mama aliwaita watoto wake watatu, akaweka simu mezani kati ya kasha lililojaa na kasha tupu.

"Nisaidieni," akasema. "Kila mmoja aniambie ukweli wake. Mtu asinifanyie adabu."

Ninyi mnatarajia kila mmoja aseme mpe mwenzangu. Watoto wazuri wa hadithi husema hivyo. Hawa walikuwa wamechoka mno.

"Nataka mimi," Kulwa alisema. "Sitadanganya, mama. Ningepewa pesa ile mkononi tusingefika huku. Nilichukua makosa mawili nikayafanya mashine moja. Ya kwangu ndiyo iliyokufa. Ningeweza kuendesha mimi, nikamwachia Doto. Nikibaki hapa nitatengeneza simu za watu wasio na simu."

"Nataka mimi," Doto alisema. Alikuwa bado amejifunika blanketi. "Mashine haijiendeshi. Ungeiweka hapo na ungo wake na kadi yake, ingekaa tu. Nilikuwa naona kifo pale kwenye kiti, dada, nikakanyaga mafuta. Na mimi sijui kingine. Kulwa ana ufundi, Shija ana ushonaji. Mkininyima hii, mimi nina nini?"

"Ushonaji upi?" Shija akauliza. Akanyoosha kidole barazani. "Nataka mimi. Ninyi wawili mlitoa mnachokijua, na bado mnakijua. Mimi nilichotoa kimekwenda. Nilimfundisha mtu mwingine kazi yangu kwa mdomo wangu. Kadi isingekuja mngekuwa mnatazamana hapa. Maisha yangu yote navaa mlichovua. Safari hii nataka kipya."

Majirani waliokuwa wanafunga mizigo walisimama mlangoni. Bi Nyanzobe, aliyemzalisha Mama Kulwa mapacha wale, akamvuta kando. "Mama Kulwa, mwandike Shija. Ukimwandika pacha mmoja, unakumbuka ile degedege. Ukimwandika Shija mapacha wanabaki sawasawa, hukumpa yeyote. Mungu amekufungulia mlango." Mama Kulwa akapumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akachukua simu.

Lakini Shija alikuwa amesikia.

"Mama," akasema, "ukiandika jina langu kwa sababu unaogopa kuandika lao, usiniandike. Nitakwenda huko nimevaa walichovua tena. Niandike kwa sababu nimestahili. Kama hujui kama nimestahili, irudishe hiyo simu mezani."

Mama Kulwa akairudisha simu mezani. Alimtazama Kulwa aliyekwisha nusurika kufa mara moja kwa ajili ya kofia. Alimtazama Doto anayetoka jasho la homa. Alimtazama Shija, na nadhani siku hiyo ndiyo alimtazama mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mwenye tingatinga akazima mtambo akapiga kelele kutoka nje kwamba nyumba hii ndiyo inayofuata, watoe vyombo. Jua lilikuwa karibu kichwani.

Sasa ngojeni, najua majibu yenu, mmeshaanza kufungua midomo. Wewe pale utasema wapokezane, huyu mwaka huu na yule mwaka ujao. Kampuni imekataa. Wewe utasema wapige kura. Mama alilifikiria hilo, akasema kura ni kumwomba mtu mwingine akuchomee moyo kwa niaba yako. Na wewe mwenye huruma utasema yeyote aende, kwa kuwa atawatumia wenzake. Labda atawatumia. Labda. Mihayo naye aliambiwa atatumiwa chake. Na asiniambie mtu kwamba mama ndiye mwenye kosa, hilo analijua kuliko wewe, na hilo haliandiki jina kwenye simu.

Bila jicho la Kulwa kulikuwa na maboksi mawili yanayometameta. Bila cherehani ya Shija kulikuwa na gari lililoganda. Bila vidole vya Doto kulikuwa na mashine nzuri na hakuna aliyeshinda. Nafasi ni moja, na anayebaki anabaki barabarani.

Mama Kulwa ametoka nje ya mlango na simu mkononi. Vyombo viko chini kwenye vumbi, makasha mawili yako juu ya mkeka, moja zito, moja jepesi. Hawezi tena. Anawatazama watu waliosimama, na kati yao umesimama wewe. Anakunyooshea simu, mahali pa jina pako wazi.

Pokea. Adhuhuri ndiyo hii. Je, wewe unaandika jina la nani, na utamtazamaje machoni yule wa pili, na yule wa tatu?